Jaroslav Pelikan: Lugha, Mapokeo na Kazi ya Mwanahistoria wa Kanisa

Wanafunzi wa theolojia katika vyuo vyetu hulifahamu jina la Jaroslav Pelikan kabla ya kujua yeye alikuwa nani. Hulikuta katika kurasa za mwanzo za maandiko ya Luther yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, hulinakili katika orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu zao, kisha huendelea na mambo mengine. Katika makala hii tunakusudia kusimama kidogo mbele ya jina hilo. Heshima anastahili, lakini hatuandiki kwa ajili ya heshima tu. Maisha yake yanatuwekea swali ambalo sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tumelikwepa kwa muda mrefu: je, lugha anazozijua mwanahistoria ni vyombo vyake vya kazi tu, au ndizo zinazoamua ataona nini na nini kitampita? Sisi tunashika jibu la pili, na hatumjui shahidi aliye bora kuliko Pelikan, kwa yale aliyoyaona na kwa yale yaliyompita.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1923 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Baba yake, ambaye naye aliitwa Jaroslav, alikuwa mchungaji wa Kilutheri miongoni mwa wahamiaji wa Kislovaki, na babu yake alikuwa askofu wa Walutheri hao. Mama yake, Anna, alikuwa mzaliwa wa Serbia. Husimuliwa ya kuwa mtoto huyo alijifunza kupiga chapa kwa mashine kabla hajatimiza miaka mitatu, kwa sababu hakuweza kuishika kalamu vizuri. Sisi tunaosahihisha mitihani iliyoandikwa kwa mkono tungependa desturi hiyo ienee.

Yafaa tuelewe hali ya lugha katika nyumba ya namna hiyo. Walutheri wa Slovakia walisema Kislovaki nyumbani, lakini kwa karne nyingi ibada yao iliendeshwa kwa Kicheki cha kale, lugha ya Biblia ya Kralice iliyochapishwa kati ya mwaka 1579 na 1593. Nayo nyimbo zao walizitoa katika kitabu cha Juraj Tranovský cha mwaka 1636. Walipovuka bahari wakaongezewa Kiingereza cha shuleni na mtaani. Walipotaka kusomesha wachungaji wao pamoja na ndugu zao wa Sinodi ya Missouri, wakakikuta Kijerumani kimekaa katika kiti cha theolojia. Msomaji wa Kilimanjaro au wa Bukoba hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Mtoto wa usharika wetu husema Kichaga au Kihaya na bibi yake, huimba na kuungama imani kwa Kiswahili, kisha akifika chuoni husoma mafundisho ya imani kwa Kiingereza. Tofauti iko katika matumizi. Pelikan hakuiacha hata moja ya lugha alizozikuta nyumbani, bali aliziongezea Kilatini, Kiyunani, Kiebrania, Kisiria na Kirusi.

Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 22, alihitimu masomo ya uchungaji katika Seminari ya Concordia mjini St. Louis, na katika mwaka huohuo akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka huo pia alimwoa Sylvia Burica. Msimamizi wake huko Chicago alikuwa Wilhelm Pauck, Mjerumani aliyesoma Berlin wakati wa Karl Holl na Adolf von Harnack. Tasnifu yake ilihusu uhusiano wa Luther na ungamo ambalo Ndugu wa Bohemia walilitoa mwaka 1535. Tunaomba wanafunzi waitazame mada hiyo kwa makini. Wakati huo wataalamu wa Luther walikuwa wengi, nao wengi wao walijua Kijerumani na Kilatini tu. Kwa hiyo Luther waliyemwona alikuwa mtu wa Ujerumani anayebishana na Roma. Kijana aliyelelewa na kitabu cha nyimbo cha Tranovský alimwona Luther mwingine, anayegeuza uso kuelekea mashariki na kuzungumza na warithi wa Jan Hus. Mada ile ilitoka mezani kwa baba yake.

Vituo vyake vya kwanza vya kufundisha tutavipita upesi: Valparaiso kuanzia mwaka 1946, Concordia mjini St. Louis kuanzia 1949, kisha Chicago kuanzia 1953. Kazi iliyomtambulisha kwetu ni toleo la Kimarekani la maandiko ya Luther, lililoanza kutoka mwaka 1955 na kukamilika mwaka 1986, juzuu 55 kwa jumla. Helmut Lehmann alisimamia nusu ya pili, na Pelikan alisimamia juzuu 30 za kwanza, yaani zile za ufafanuzi wa Biblia. Mwaka 1959 aliziandikia kitabu cha kuzisindikiza, kinachomwonyesha Luther kama mfafanuzi wa Maandiko.

Mgawanyo huo si jambo dogo. Wengi wetu tulifundishwa Luther wa mwaka 1517 na Luther wa Worms, Luther wa mabishano. Pelikan alimrudisha mbele yetu Luther mwalimu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama mbele ya wanafunzi na kufafanua Mwanzo, Zaburi, Isaya na Wagalatia. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu wa mwanahistoria. Mihadhara ya Luther juu ya kitabu cha Mwanzo, aliyoitoa kuanzia mwaka 1535 hadi 1545, haikutufikia kwa mkono wa Luther mwenyewe. Imetokana na maandishi ya wanafunzi wake, yakahaririwa na Veit Dietrich na wenzake. Pelikan hakulificha jambo hilo. Alilieleza katika dibaji, ili msomaji ajue kwamba mahali pengine anaweza kuwa anaisikia sauti ya mhariri. Yeyote anayetumia juzuu hizo katika mahubiri bila kuisoma dibaji yake anajinyima sehemu kubwa ya faida yake.

Mwaka 1962 alihamia Chuo Kikuu cha Yale kuwa profesa wa historia ya Kanisa. Alifundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1996, na kati ya 1973 na 1978 alikuwa mkuu wa shule ya masomo ya juu. Hapo ndipo alipoandika kazi ambayo kwa maoni yetu haijapata mwenzake katika karne ya ishirini, yaani historia ya mafundisho ya Kikristo katika juzuu tano, iliyotoka kati ya mwaka 1971 na 1989.

Ili kuipima kazi hiyo hapana budi tumkumbuke Harnack. Historia ya dogma ya Harnack, iliyoanza kutoka katika miaka ya 1880, ilitawala vyuo vya Kiprotestanti kwa vizazi viwili. Hoja yake yajulikana: dogma ni zao la roho ya Kiyunani lililoota katika udongo wa Injili, na Matengenezo ya Luther, yakieleweka vizuri, ndiyo mwisho wa dogma. Kwa hoja hiyo Kanisa la Mashariki halikuwa na mengi ya kusema. Harnack aliifunga historia yake katika karne ya nane, kwenye ugomvi wa sanamu takatifu, na katika mihadhara yake maarufu ya mwaka 1899 na 1900 aliizungumza ibada ya Mashariki kama kitu kilichokufa. Ajabu ni kwamba Harnack alizaliwa Dorpat, katika himaya ya Urusi. Hata hivyo hatuoni katika kurasa zake dalili ya kukaa na kuwasikiliza Waorthodoksi.

Juzuu ya pili ya Pelikan, iliyotoka mwaka 1974, ni jibu kwa Harnack ingawa haikuandikwa kwa ukali. Inaanza mwaka 600 na kuendelea hadi 1700, na yote inahusu Ukristo wa Mashariki. Ndani yake Maksimo Muungamaji anasikilizwa kama mwanatheolojia mkubwa. Wakristo wa Kisiria, ambao vitabu vingi vya kiada huwataja kwa majina ya uzushi waliyopewa na adui zao, wanaruhusiwa kujieleza wenyewe. Waslavoni wanafika wakiwa na lugha yao ya ibada. Mabishano na Wayahudi na Waislamu yanatazamwa kama sehemu ya historia ya fundisho la Utatu, jambo ambalo mchungaji wa Tanga au wa Kondoa ataliona kuwa la lazima. Kitabu hicho kisingeweza kuandikwa na msomi wa kawaida wa Kiprotestanti wa miaka ile, hata angekuwa na akili kuliko Pelikan, kwa sababu asingeweza kuvisoma vyanzo vyake.

Lakini lugha peke yake haitoshi. Yapasa pia kujua uzitafutie nini. Hapa Pelikan alibaki Mlutheri kamili. Alipotaka kueleza fundisho la Kanisa ni kitu gani, alichukua vitenzi vitatu vinavyorudiwa katika Formula ya Konkodia ya mwaka 1577: kuamini, kufundisha na kukiri. Lile ambalo Kanisa linaamini huonekana katika sala, nyimbo na ibada. Lile linalofundishwa huonekana katika mahubiri, katekisimo na ufafanuzi wa Maandiko. Lile linalokiriwa huonekana katika maungamo na katika kuijibu mizushi. Harnack aliutazama zaidi mguu wa tatu wa jiko hili. Pelikan aliwaonyesha wasomaji wake ya kuwa mara nyingi mguu wa kwanza hutangulia. Jina la Mariamu la Mzaa-Mungu, kwa mfano, lilikuwa vinywani mwa watu wakiomba kabla mkutano wa Efeso wa mwaka 431 haujalithibitisha. Maaskofu walikuwa wakitafuta maneno ya kulilinda jambo ambalo waumini walikwisha kuliomba.

Katika juzuu hizo marejeo hayako chini ya ukurasa wala mwishoni mwa kitabu. Yamepangwa pembeni, mkabala na sentensi inayoyahusu, ili jicho liende moja kwa moja kutoka katika maelezo hadi kwa shahidi. Mwanzoni wanafunzi wetu huchoka nayo. Akiisha kuzoea, mwanafunzi huanza kudai kitu hicho hicho kwa kila mwandishi, nasi walimu wake tukiwamo.

Hata hivyo kazi hiyo ina upungufu, na si haki kuuficha. Mafundisho katika kurasa za Pelikan huelea juu kidogo ya ardhi. Katika sehemu ya Kalkedonia, mwaka 451, tunasikia hoja za kila upande kwa ukamilifu, lakini hatumwoni vya kutosha mfalme, askari wake, wala wakulima wa Misri walioamua kuwafuata watawa wao. Aliandika historia ya imani ya Kanisa kwa kuwasikiliza zaidi wale walioacha maandishi. Aidha, juzuu ya tano inaanza mwaka 1700, katika kipindi ambacho Injili inakwenda kwa wingi katika Afrika na Asia, lakini kwa sehemu kubwa hubaki Ulaya na Marekani Kaskazini. Katika juzuu zote tano Afrika iliyo kusini ya Sahara haina hata sura moja. Mtu aliyemkosoa Harnack kwa kuifunga Mashariki mapema mno aliifunga Kusini kabla haijafunguliwa. Hatudhani ya kuwa alitudharau. Lugha zake zilimfikisha mpaka wa Slavoni na Siria, na huko ndiko alikofika.

Jambo linalowasumbua zaidi ndugu wachungaji ni la mwaka 1998. Mwaka huo, baada ya maisha ya uchungaji na ualimu katika Kanisa la Kilutheri, Pelikan na mke wake walipokelewa katika Kanisa la Kiorthodoksi huko Marekani. Mhariri wa Luther akamwacha Luther: hivyo ndivyo wengi walivyolipokea, na tumewahi kusikia mwanafunzi akiuliza kama vitabu vyake vya awali sasa vifae kusomwa. Swali hilo linastahili jibu lisilo la hasira.

Kwanza, vitabu havikubadilika. Juzuu za Luther zinasimama au kuanguka kwa ubora wa tafsiri na uhariri, na zimesimama. Pili, hatukubaliani na wale wanaosema kwamba hatua hiyo haikuwa na maana, eti alikuwa mzee aliyerudi kwa watu wa jamaa yake. Ilikuwa na maana, nayo inatuuma kwa haki. Mwaka 1983 Pelikan alipewa heshima ya kutoa mhadhara wa Jefferson, uliochapishwa mwaka uliofuata katika kitabu chake cha kuyatetea mapokeo. Humo alitofautisha mapokeo, ambayo kwayo imani ya waliotutangulia ingali inaishi, na ushikiliaji mtupu wa mambo ya kale, ambao huonyesha imani iliyokufa ndani ya watu walio hai. Tukiuliza ni wapi aliyakuta mapokeo yakiwa hai alipokuwa mzee, yeye alitujibu kwa miguu yake. Mlutheri anayeamini kwamba Ungamo la Augsburg halikukusudia kuanzisha kanisa jipya, bali kukiri imani ya Kanisa moja, anaweza kuhuzunika kwa kuondoka kwake, wala hawezi kusema kuwa Pelikan alikuwa akitafuta kitu kisichotuhusu. Sisi tunaona kwamba alikosea kuhusu mahali, kwa kuwa fundisho la kuhesabiwa haki halikupata huko sauti ambayo Paulo na Luther waliipa. Kuhusu kiu yake hatuoni kosa.

Baada ya hapo hakupumzika. Mwaka 2003, akishirikiana na Valerie Hotchkiss, alitoa mkusanyo mkubwa wa maungamo ya imani kutoka karne zote na makanisa mengi. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Kluge pamoja na mwanafalsafa Paul Ricoeur. Mwaka 2005, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alichapisha ufafanuzi wa Matendo ya Mitume. Alifariki tarehe 13 Mei 2006 huko Hamden, Connecticut.

Katika mkusanyo ule wa mwaka 2003 ndipo njia yake ilipokutana na yetu. Pamoja na Nikea na Augsburg, aliliingiza ungamo la Kanisa la Wabatak wa Indonesia la mwaka 1951, Walutheri wenzetu. Tena akaliingiza ungamo lililotungwa yapata mwaka 1960 kati ya Wamaasai wa Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Aliletewa ungamo hilo na mwanafunzi wake mmoja. Katika ungamo la Nikea, kutoka kuzaliwa kwa Yesu tunakwenda moja kwa moja hadi mateso yake. Wamaasai walilijaza pengo hilo: Yesu yuko safarini akitenda mema, na baada ya kufa, kaburini, fisi hawakumgusa. Pelikan, ambaye maisha yake yote alikuwa amesoma maungamo, alieleza katika mahojiano ya mwaka 2003 jinsi habari ya fisi ilivyomsisimua. Mfugaji aliyewahi kuona maiti imelala nje usiku anajua kwa nini. Kwake kufufuka kunaanza na mwili usioliwa.

Lakini mtu aliyemfuata Maksimo katika Kiyunani na Babai katika Kisiria hakuwa na Kimaasai. Hakuweza kumwuliza mzee wa boma ni neno gani lililotumika kwa ajili ya ahadi, wala wimbo gani uliimbwa baada ya ungamo hilo. Kwa vitenzi vyake mwenyewe, alilipata lile lililokiriwa, bila lile lililoaminiwa na kufundishwa lililokuwa chini yake.

Hapo ndipo tunapowatazama wanafunzi wetu. Chukueni Kilimanjaro peke yake. Wamisionari wa Leipzig walilitumia jina Ruwa kumtaja Mungu, jina ambalo Wachaga walilitumia pia kwa jua. Bruno Gutmann aliyefanya kazi Moshi tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini hadi mwaka 1938 aliandika mengi kwa Kijerumani, na Agano Jipya lake la Kichaga cha Moshi lilitoka mwaka 1939. Anayesoma kwa Kiingereza peke yake atapata muhtasari wa mambo hayo katika aya mbili za kitabu cha historia ya misioni. Anayetaka kujua Wakristo wa kwanza walisikia nini walipoliita jina hilo katika sala, jinsi Katekisimo Ndogo ilivyofafanuliwa kwao, na nini kilichobadilika ibada ilipohamia katika Kiswahili, itampasa akae na daftari za wainjilisti, nyimbo, na wazee waliobaki, kisha aende kwenye barua na taarifa zilizotumwa Leipzig. Daftari nyingine zimekwisha kuliwa na mchwa. Kazi hiyo inahitaji Kichaga, Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani. Mwanafunzi anayetoka Machame au Marangu huingia darasani kwetu akiwa na tatu kati ya hizo nne, nasi katika fomu ya kujiunga humwuliza habari za Kiingereza tu. Iliyobaki ni Kijerumani, na saa mbili kwa wiki katika mwaka wa kwanza zingetosha kuanza.